Nyama ya Nkambo inatoka wapi?

Nkambo anakula watu. Nalisema mapema ili asiyetaka kujua afunge ukurasa sasa hivi, maana nitakayoyaeleza yatamharibia utamu wa sura nyingi. Jina la katuni yenyewe silitaji. Wanaoisoma wataitambua haraka, na wasioisoma nisingependa waianze wakiwa tayari wanamtazama yule bibi kwa jicho la polisi.

Ni katuni ya Korea Kusini, zile za kusoma kwenye simu kwa kushusha kidole. Bibi mmoja ana nyumba ya kupangisha juu ya kilima. Vyumba ni vidogo, wapangaji ni wanafunzi na vijana wanaotafuta kazi, kodi ni ya huruma. Kila jioni anawapikia mchuzi wa nyama, wanakaa chini kuizunguka meza fupi, wanakula na kumwagiana shida zao. Ukisoma harakaharaka utadhani hadithi ni ya hao vijana: nani kafeli mtihani, nani kaachwa na mchumba. Mara mojamoja mpangaji anahama. Hatuonyeshwi akihama. Asubuhi tunasikia tu mezani kwamba aliondoka usiku, kapata kazi mji mwingine, na bibi anapakua mchuzi. Kwenye katuni jina lake ni refu, sisi tulishampa la kwetu: Nkambo, kama tunavyowaita bibi na babu hapa Lubumbashi.

Sisi ni watu wachache. Kuna mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma informatiki chuo kikuu na ndiye mwenye mega, yaani data ya intaneti: hununua furushi la usiku, hupakua sura mpya, kisha hutupitishia picha. Kuna rafiki yetu mmoja, mwanasheria, anayetetea watoto mahakamani. Na kuna mimi, ninayeishi kwa kuandika mabango ya maduka na saluni. Weka hiyo kazi yangu akilini, nitairudia.

Nadharia ilianzia kwenye viatu. Mlangoni kwa Nkambo kuna rafu ya viatu, kwa sababu Wakorea huvua kabla ya kuingia ndani, kwa hiyo rafu tunaiona kila mtu anapoingia au kutoka. Katika sura za mwanzo kuna mpangaji mrefu, mpiga gitaa, mwenye kandambili za bluu. Ukanda wa ile ya kushoto ulikatika akaufunga kwa waya. Mchoraji alituonyesha akiufunga, fremu mbili nzima, koleo mkononi, ulimi nje kidogo kama mtoto anayeandika. Halafu kijana "akahama". Sura kadhaa baadaye anakuja msichana mpya na sanduku lake, anavua viatu, anatafuta pa kuviweka, na kule chini kabisa nyuma ya mwavuli kuna kitu cha bluu. Ukikuza picha kwa vidole viwili unauona waya.

Sasa, mtu anaweza kuacha kandambili mbovu. Hata mimi ningeziacha. Lakini hizi alizitengeneza, na mchoraji alitumia fremu mbili kutuambia kwamba kijana huyu hana nyingine. Ametembea miguu mitupu mpaka kituo cha basi, usiku, na gitaa begani? Baada ya hapo tulirudi nyuma tukaitazama rafu sura kwa sura. Wapangaji hawazidi sita wakati wowote. Viatu vinazidi. Rafu inajaa polepole, na kufikia mwisho wa msimu wa pili viatu vimeanza kupangwa sakafuni, na hakuna hata mmoja ndani ya hadithi anayeuliza ni vya nani.

Hoja nyingine zinazozunguka huku na huku sizitaki. Kwamba Nkambo hana kivuli, kwamba macho yake hubadilika rangi, kwamba paka humkwepa. Kivuli ndiyo hoja ya wavivu. Katuni hizi hutoka kila wiki, zina rangi, na sura moja huwa na makumi ya fremu. Mchoraji ana wasaidizi, wasaidizi hawalali, na vivuli ndiyo kitu cha kwanza kusahaulika saa tisa za usiku. Ukianza kumshitaki kila asiye na kivuli, utawakamata wahusika wote pamoja na baiskeli. Paka naye ni paka.

Mdogo wangu ndiye aliyetaka kuiua nadharia nzima, tena kwa hoja nzuri. "Yaya," akaniambia, maana hapa ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "ile nyumba haikuchorwa." Akanieleza: studio nyingi za Korea hutumia programu ya kujenga majengo ya pande tatu, SketchUp kwa mfano. Unajenga nyumba mara moja au unainunua ikiwa tayari, unaizungusha, unachagua pembe, programu inakutolea mistari. Mlango wa chumba cha nyuma umefungwa kila mara kwa sababu modeli ilikuja umefungwa. Rafu ilikuja na viatu vyake. Vikizidi, ni kwamba msaidizi amebandika rafu nyingine juu yake, basi. Alisema hivyo akiwa ametulia kabisa, na kwa muda sikuwa na la kujibu.

Ndipo nikaomba simu. Mstari wa mkono na mstari wa mashine havifanani, na kulijua hilo mtu wa brashi hahitaji elimu ya chuo kikuu. Mkono ukianza mstari hubonyea, katikati hulegea, mwishoni hutoroka. Mashine huenda unene uleule mwanzo hadi mwisho. Mbao za rafu ni za mashine. Viatu vingi vya juu ni vya mashine, hilo nilimkubalia. Mwavuli ni wa mashine. Kandambili ya bluu ni ya mkono, na waya ule una mikunjo mitatu, kila mmoja na unene wake. Mtu alikaa, akafungua fremu iliyokwisha kutoka kwenye programu, akachora juu yake kitu ambacho wasomaji wengi hawatakiona kamwe. Na viatu vilivyozidi baadaye, viatu vya michezo vyenye kisigino kilicholiwa upande mmoja, viatu vya kike vya mvua, vyote ni vya mkono. Mdogo wangu alivitazama sana kisha akasema, "Sawa, yaya. Vya mkono."

Kuna na suala la nafasi nyeupe. Kwenye katuni ya karatasi ukifungua ukurasa jicho limeshaiba picha zote kabla hujasoma neno. Kwenye simu huwezi. Wakorea walianza kuchora kwa kushuka chini mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya mtandao ya Daum ilifungua ukurasa wake mwaka 2003 na mwenzake Naver mwaka 2004, na wakagundua mapema kwamba utupu kati ya fremu mbili ni saa: ukiurefusha, msomaji anasubiri. Mwaka 2011 mchoraji aitwaye Horang alikwenda mbali zaidi, akaweka programu ndogo iliyofanya ukurasa ujisogeze wenyewe msomaji alipofika mahali fulani, na mzimu ukakurukia. Watu waliruka kwa hofu. Wetu hatumii vituko vya namna hiyo, anatumia utupu tu. Kabla ya ile fremu ya rafu na mwavuli kuna weupe wa kushusha kidole mara mbili, tatu, na hakuna kitu. Mahali pengine pote katika sura ile fremu zimebanana. Kwa nini unisimamishe mbele ya viatu?

Basi sisi tulibaki hapo, tunabishana viatu na mistari, na nadhani tungekuwa hapo mpaka leo kama si mama mdogo.

Mama mdogo ana malewa, yaani mgahawa mdogo, karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Bukari (ugali), sombe (kisamvu), maharage, samaki, na nyama ya ng'ombe siku za pesa. Tulikuwa tumekaa kwake, saa za wateja zimepita, tunapigiana kelele juu ya waya wa kandambili, akaja na kitambaa chake cha kufutia meza akauliza ni nini kinachotutoa mapovu. Mdogo wangu akamwonyesha. Kifaransa cha katuni hakusoma, alikuwa anatazama picha tu, akishusha kwa kidole kilichokuwa bado na unga. Hakuuliza habari za viatu. Aliuliza wapangaji ni wangapi. Akauliza kama yule mwenzake ana shamba. Hana. Mume? Alishakufa. Anapokea chochote cha mume? Hadithi haisemi. Watoto wa kumtumia franga, yaani pesa? Hawapo. Anauza kitu mchana? Anafagia uwanja. Akaomba tumrudishie picha ya sufuria, akaikuza, akaitazama jinsi bibi anavyoibeba, viwiko vimebana mbavu, mgongo umerudi nyuma.

"Ile imejaa," akasema. "Na ile ni sufuria ya watu ishirini."

Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko hoja zetu zote: "Bantu sita, nyama kila mangaribi, na franga ya nyumba haipande. Ule nkambo eko natosha nyama wapi?" Yaani: watu sita, nyama kila jioni, na kodi haipandi. Huyo bibi anatoa nyama wapi?

Akaendelea kufuta meza.

Sisi tuliozoea hadithi za kutisha tulikuwa tunatafuta meno na kucha. Yeye alifungua daftari la mapato na matumizi. Na nilipolala nalo lile swali, niliona kwamba hakulibuni pale mezani. Mji huu umekuwa ukiyatambua mazimwi yake kwa hesabu tangu zamani.

Babu yangu alikuwa mtu wa Union Minière, kampuni ya migodi iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo mji huu, uliozaliwa mwaka 1910, ulijengwa kwa ajili yake. Alitusimulia batumbula, wakamata watu. Walikuwa wanapita usiku, wanakamata mtu anayetembea peke yake, na aliyekamatwa hakuonekana tena. Walisema hugeuzwa nguruwe, hunenepeshwa, kisha huliwa na wazungu. Nilipokuwa mdogo nilipenda kile kipande cha nguruwe. Nilipokua nikaanza kuona mwaka. Hadithi hizo zilivuma sana hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, miaka ya 1940, wakati wa vita, bei zimepanda na mishahara imebaki palepale, na tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma walifyatuliwa risasi kwenye uwanja wa mpira, makumi wakafa. Mtu anaingia chini ya ardhi asubuhi, anatoka jioni amekonda, anapewa posho ya unga. Mwajiri haingii shimoni, na amenenepa. Aliyetunga batumbula alikuwa anajua kutoa na kujumlisha.

Mamba muntu, nguva wa hadithi za hapa, naye ni hivyo hivyo. Miaka ya 1960 na 1970 sebule nyingi za hapa zilikuwa na picha yake ukutani: mwanamke mzuri, nywele ndefu, kuanzia kiunoni ni samaki, kioo mkononi, kitana, mara nyingi na nyoka. Mzee aliyenifundisha kushika brashi alichora nyingi katika ujana wake na alikuwa na sharti moja, usisahau saa ya mkononi. Mwanamke wa majini, lakini ana saa, maana bila saa wateja hawakuamini kwamba ni tajiri. Anampa mwanamume mali, naye mwanamume anyamaze, na mwisho wake mtu wa nyumbani anakufa. Mpaka leo jirani akiinua ghorofa ghafla, watu wa mtaa hawaulizi kama ana pembe. Wanauliza nani amekufa kwao mwaka huu.

Na kwa vile nazungumza katuni, siwezi kumruka mchoraji Papa Mfumu'eto wa Kinshasa. Mwaka 1990 alitoa kijitabu cha Kilingala, rangi nyeusi na nyeupe, cha kuuzwa barabarani: bwana mmoja anamchukua mwanamke, anageuka chatu, anammeza mzima mzima, kisha anatapika noti za dola. Kinshasa nzima ilikisoma, na watu hawakuhitaji kuelezwa chatu anayetapika dola katika nchi ya Mobutu ni nani. Huyo hakuficha zimwi lake hata kidogo. Mchakato wote uko kwenye karatasi, mwanamke anaingia upande huu, pesa zinatoka upande ule. Mkorea wetu amechora hadithi hiyohiyo akaondoa fremu ya katikati. Ameacha kinachoingia, vijana, na kinachotoka, mchuzi.

Huo ndio msimamo wangu, na nilidhani umesimama imara mpaka rafiki yetu mwanasheria alipoufikia. Alikuwa na hasira kidogo. "Mnajisikia?" alituuliza. "Mama mzee, mjane, anakaa peke yake, ana chakula wakati wengine hawana, na watu wamekufa au wamepotea karibu naye. Hiyo faili naiona kila mwezi. Badilisha Korea uweke Katuba, mtaa wetu wa hapa." Kazi yake kubwa ni watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamtia kifungoni mwaka 1 hadi 3 anayemsingizia mtoto uchawi, na anasema shida yake ni kwamba wanaosingizia hawajioni kama wanasingizia. Wanajiona kama sisi: wamekusanya dalili, wamelinganisha tarehe, wamegundua kitu. Mtoto anakula sana. Mtoto hali. Alikuwa macho usiku baba alipofukuzwa kazi.

Nilimjibu hivi, na bado naliamini jibu langu. Kwenye lupango, yaani uani kwa watu wa kweli, hakuna aliyezipanga dalili. Mjane ana nyama kwa sababu binamu yake kapita, kandambili ziko mlangoni kwa sababu ziko mlangoni, mtoto hakulala kwa sababu ya malaria. Kwenye katuni yupo mtu aliyelipwa kuchora kandambili ile, akachagua rangi, akaukunja waya mara tatu. Huko ukiuliza "hii imewekwa hapa kwa nini?" unauliza swali halali, na mahali pengine popote swali hilo ni hatari. Akasema sawa, lakini tusijizoeze sana.

Kisha, kwa sababu yeye ni mwanasheria na hawezi kuondoka bila kumtetea mtu, akatoa nadharia yake mwenyewe. Vijana wale wote wana madeni. Ni kweli, tumelipita tu: mpiga gitaa anapigiwa simu na wadai, msichana wa viatu vya mvua amekimbia baba mlevi. Rafiki yetu anasema Nkambo anawaficha. Wako chini ya nyumba, au nyuma ya ule mlango ambao mdogo wangu anauita wa modeli. Viatu viko rafuni kwa sababu wenyewe wapo ndani. Na ndiyo maana sufuria ni ya watu ishirini.

Nakiri ilinitikisa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kama kweli yule bibi ni zimwi, ni zimwi linalojua hata nani hapendi kitunguu. Ushahidi uleule, viatu vilevile, sufuria ileile, na mwishoni unapata mtakatifu. Usiku ule nilirudi nikazisoma sura za mwanzo nikiwa upande wa utetezi, nikaona namna bibi anavyosimama mlangoni wapangaji wakirudi, anahesabu vichwa. Mchungaji huhesabu. Na mchinjaji pia.

Nikampelekea mama mdogo nadharia hiyo ya pili, nikidhani itampendeza, maana yeye mwenyewe amelisha watu wengi wasiolipa. Alikuwa anasonga bukari, hakuinua kichwa. Akasema imezidi kuharibika. Mwanzoni Nkambo alikuwa hana nyama ya watu sita. Sasa mnataka awe na ya ishirini? Huruma haiongezi kilo. Mwanasheria amemtafutia sababu nzuri ya kupika na bado hajamtafutia bucha.

Akataka kuona sahani. Si sufuria, sahani, wakati watu wamemaliza kula. Tulimwonyesha tulizokuwa nazo. Zimechorwa vizuri, mafuta yamebaki kingoni, punje za wali, jani la kitunguu. Akazipitia zote, akarudisha simu.

"Mifupa iko wapi?"

Nyama ya mchuzi ya bei nafuu ina mifupa, alisema, popote duniani, maskini hali mnofu mtupu siku zote. Kama ni ng'ombe, mfupa utabaki kwenye sahani au utapewa mbwa au utaonekana kwenye takataka, na mfupa wa ng'ombe kila mtu anaujua. Mchoraji aliyekumbuka waya wa kandambili hawezi kuwa amesahau mifupa kwenye sahani zote hizo. Ameiondoa. Mkinionyesha mfupa mmoja wa ng'ombe, akasema, namwachilia huyo mama aende zake.

Katuni iko mapumzikoni kati ya misimu, mwandishi hajasema inarudi lini. Mdogo wangu amerudi sura ya kwanza na sasa anatafuta pipa la takataka. Amekwisha kupata moja, uani, karibu na bomba, lina kifuniko. Anasema ni la modeli. Nimemwambia anitumie hiyo picha niutazame mstari wa kifuniko.